Amana ya Sikio

Miongoni mwa neema alizopewa bin-Adamu bila ya kuzitolea jasho, sikio ni katika zile zinazoshukuriwa kwa uchache, kwa kuwa halifumbwi kama jicho lifumbwavyo, wala halinyooshwi kama mkono unyooshwavyo, bali hupokea usiku na mchana kila kilijiacho, kiwe kizuri au kibaya, cha jirani au cha mtu wa mbali. Katika zama zetu upokeaji huo umepanuka kuliko ulivyopata kuwa wakati wowote, hata mtu aliyeketi barazani kwake Lamu au Pangani aweza, kwa kugusa kioo cha simu, kusikia waimbaji wa milima ya Georgia, wapiga kora wa Mali, wasomaji wa kaswida wa Misri, na sauti za watu waliofariki kabla babu yake hajazaliwa. Walakini wingi wa vipokewavyo haukulijibu suala lililo kongwe kuliko vyombo vyote vya kunasia sauti: mtu asikiapo wimbo wa watu asiowajua, kwa lugha asiyoielewa, moyo wake ukatikisika, ametikiswa na nini? Na akisha kutikisika, je, amepewa zawadi iliyokwisha, au ametwishwa deni?

Suala hili si la wanamuziki peke yao. Ni suala la moyo na la insafu, na wenye hekima wa dini mbalimbali walilizingatia kwa hadhari kubwa, kwa sababu waliona kwamba hakuna mlango wa nafsi ulio mwepesi kufunguka kama ule upigwao hodi na sauti.

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitengea jambo la kusikiliza fungu zima katika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din. Baina ya hoja zake aliwatazama viumbe wawili wasiojua maana ya maneno: mtoto mchanga, anyamazaye kulia akiimbiwa kwa sauti nzuri, na ngamia, ambaye kwa wimbo wa mwongozaji wake husahau uzito wa mzigo na urefu wa njia. Alisimulia kisa cha mtumwa mmoja aliyekutwa amefungwa minyororo kwa kosa la uzuri wa sauti yake. Maana aliwaimbia ngamia wa bwana wake, nao wamebebeshwa mizigo mizito, wakaikata safari ndefu kwa muda mfupi kupita kiasi, na walipotuliwa mizigo wakafa. Ikiwa mnyama asiye na lugha huathirika hivyo, basi ni dhahiri kuwa nguvu ya lahani haikutegemea ufahamu wa maneno, na mtu atoaye chozi kwa wimbo wa Kiajemi au wa Kireno, ilhali hajui neno hata moja la lugha hizo, hakufanya jambo la kushangaza wala la kuonea haya.

Kutokana na mazingatio hayo Imam alifikia rai ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa suala zima, kwamba usikilizaji haumtii mtu moyoni kitu ambacho hakikuwamo, bali hukichochea kilichomo. Mwenye shauku huzidi shauku, mwenye majuto huzidi majuto, na mwenye uovu huamshiwa uovu wake. Akaleta na kisa cha Mwajemi aliyesikia beti ya Kiarabu ikiimbwa, akashikwa na wajdi, yaani msisimko mkuu wa moyo, wa hofu, kwani sikio lake liliyapokea maneno yale kama kwamba ni ya lugha yake mwenyewe, yakimhubiria maangamizi yaliyo karibu. Beti haikusema hivyo hata kidogo. Lakini hofu ya Mwajemi yule ilikuwa ya kweli, wala Imam hakumkejeli.

Kwa hiyo atikiswaye na wimbo mgeni hakudanganyika, kwa maana huzuni au furaha aliyoihisi ni yake kweli kweli, ijapokuwa huenda siyo ile iliyokusudiwa na mtunzi. Hata hivyo, hapa ndipo hatari inapojificha. Ikiwa wimbo wa mgeni huniamsha mimi tu, mgeni mwenyewe yuko wapi? Naweza kusikiliza nyimbo za mataifa yote, za kale na za sasa, nikazisifu na kuzikusanya, na katika zote nisikutane na mtu ila nafsi yangu.

Hofu iliyo jirani na hiyo ilimshika Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, akawa askofu wa Hippo. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake aliyakumbuka machozi yaliyomtoka kanisani katika siku za mwanzo za imani yake, na papo hapo akajihesabia kuwa ni kosa kila mara aliposhikwa na sauti kuliko na jambo liimbwalo. Hakuupiga wimbo marufuku. Alielekea kuukubali katika ibada, lakini kwa sharti kwamba sauti imfikishe msikilizaji mbele zaidi ya utamu wake. Ukiwaweka wazee hawa wawili bega kwa bega utaona wanasaidiana, kwani mmoja atwambia kuwa sauti huamsha kilichomo ndani yetu, na wa pili atuonya tusikome kwenye sauti. Nami nathubutu kuongeza jambo la tatu, ambalo hali ya zama zetu yalidai kuliko hali ya zama zao: kwamba nyuma ya sauti yuko mtu, na mtu huyo ana haki juu ya sikio lililofaidi.

Wako ndugu wacha Mungu watakaouliza kama si bora kuuepuka muziki wote kabisa kuliko kutafuta adabu zake. Hitilafu za wanavyuoni katika jambo hili ni kongwe, na mimi si wa kuzikata. Nawakumbusha tu jambo mashuhuri lililopokewa katika hadithi sahihi, kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, naye Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, hakuwafukuza wala hakuruhusu wafukuzwe, bali alisimama akamsitiri Bibi Aisha, naye akatazama nyuma ya bega lake mpaka yeye mwenyewe akatosheka. Sichukui humo hukumu ya ala za muziki, nachukua adabu. Mchezo wa watu wa nchi ya mbali, uliochezwa kwa namna ya kwao, ulipewa nafasi, ukapewa muda, ukapewa na mtazamaji asiye na haraka. Mwenye daraja kuliko watu wote waliokuwapo ndiye aliyesubiri.

Sasa niwaonyeshe visa viwili ambavyo, kwa kadiri ya fahamu yangu, vinaliweka suala wazi kuliko hoja nyingi.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo ya kunasia sauti, na ambaye miaka minne baadaye aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Afrika ya Kusini, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, Kenya. Huko alinasa wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha. Hivyo ndivyo Wakipsigis walivyolipokea jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani ambaye santuri zake zilikwisha kufika katika vilima vile pamoja na gramafoni. Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi, akafanya kazi ya reli, akajifunza mengi kwa wafanyakazi weusi wa reli hiyo, ambao wazee wao walitolewa Afrika kwa nguvu, akazichanganya huzuni zao na mtindo wa kuirusha sauti ghafla kutoka chini hadi juu ujulikanao kwa watu wa milima ya Uswisi na Austria. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1933, na mguu wake haukupata kukanyaga Afrika.

Wasichana wa Kapkatet hawakukijua Kiingereza chake, na alipokuwa akiitwa katika wimbo wao alikuwa maiti wa miaka kumi na saba. Walisikia sauti ikitoka ndani ya sanduku pasipo na mtu, na kwa kuwa akili zao zilikataa kuwa sauti yaweza kukosa mwenyewe, walimpa mwili: wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu mnyama wa jamii ya paa, hodari wa kucheza, wakampigia kinubi na kumwita kwa sauti nyembamba za uchangamfu aje acheze nao, aruke kwa nguvu hata nguo zimvuke. Ukiisikiliza sauti hiyo iliyonaswa utasikia vijana wasiomwogopa mgeni, wasiomcheka kwa dharau, bali wanaomtaka aingie kati.

Kisa cha pili ni cha Solomon Linda, Mzulu, ambaye mwaka 1939 huko Johannesburg aliimba na kundi lake wimbo uitwao Mbube, yaani simba. Haki ya wimbo huo iliuzwa kwa malipo madogo mno. Santuri ilivuka bahari, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la The Weavers la Marekani likauimba kwa kiitikio kilichosikika visivyo. Kisha mwaka 1961 kundi la The Tokens likauvika maneno mapya ya Kiingereza, nao ukaenea ulimwenguni kote, ukaingia katika vinywa vya watoto wa mataifa yasiyo na idadi. Linda alifariki mwaka 1962 katika ufukara, na ilikuwa mwaka 2006 ndipo warithi wake walipofikia mapatano ya kulipwa sehemu ya kilichokuwa chao.

Tuvipime visa hivi kwa mizani moja. Katika vyote viwili maneno yalisikika visivyo, na katika vyote viwili wimbo ulivuka bahari ukapendwa na watu ambao haukutungiwa wao. Lakini wasichana wa Kapkatet, waliokosea karibu kila habari ya mgeni wao, walilihifadhi jina lake, wakaliweka kileleni mwa wimbo, wakamtafutia mahali miongoni mwao; na wale wa ng'ambo, ambao lahani ya Linda waliipata sawasawa, walilipoteza jina la mwenyewe, na kwa kulipoteza jina wakaipoteza na haki. Wala sisemi kwamba kila aliyeuimba wimbo ule alikuwa na nia mbaya. Aghalabu dhuluma ya namna hii hutendwa na watu wasiojua kuwa kuna mtu wa kudhulumiwa. Ndiyo maana nasema kuwa kutoelewa si dhambi ya msikilizaji. Dhambi yake ni kusikia sauti na kusahau kuwa ina mwenyewe. Aidha nafurahi kusema kwamba, zaidi ya miaka sitini baada ya kunaswa, nakala za nyimbo zile zilirudishwa Kapkatet kwa wenyewe, jambo lililo stahiki ya kila sauti iliyochukuliwa mbali na kwao.

Wako na wengine, wapenzi wa nchi yao, ambao pingamizi lao ni jingine. Husema kwamba nyimbo zetu zafa wakati vijana wakishughulika na za watu, na kwamba aendaye kutafuta lahani ng'ambo amekwisha kuitupa ya mama yake. Nawaheshimu, maana uchungu wao una msingi. Ngoma nyingi zimekwisha kuzikwa pamoja na wapigaji wake. Lakini wanapodhani kuwa za nje na za ndani ni maadui nadhani wameidhulumu historia.

Karne ya kumi, huko Basra, jamaa ya wanafalsafa waliojiita Ikhwan al-Safa waliandika nyaraka hamsini na mbili juu ya elimu zote, na waraka wa tano ukawa wa muziki. Humo walikiri kwamba kila taifa lina lahani zake linazozifurahia, ambazo taifa jingine huenda lisizifurahie, kwa kuwa tabia za miili na desturi za watu hutofautiana. Na bado waliamini kuwa lahani zote zaongozwa na uwiano mmoja wa hesabu, ule ule uongozao mwendo wa nyota. Yaani walikataa makosa mawili kwa pamoja: kosa la kusema kuwa muziki wote ni mmoja, na kosa la kusema kuwa muziki wa mtu haumhusu mtu mwingine. Takriban miaka elfu baadaye, mwaka 1905, vijana wa Unguja walipoanzisha chama chao cha taarab walikiita kwa jina lilo hilo, Ikhwani Safaa.

Na taarab yenyewe, ambayo leo twaiona kuwa ni mali ya pwani kama mnazi ulivyo mali ya pwani, iliingia kwa njia ya bahari. Masimulizi ya Unguja yanasema kuwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipendezwa na muziki wa Misri, akamtuma mtu Kairo kujifunza kupiga ganuni. Kwa muda mrefu muziki huo uliimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: wimbo ulioketi barazani mwa wafalme ulipofika katika vinywa vya watu wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, ulifundishwa Kiswahili, ukapewa ngoma za kwetu, ukatumwa kazi za kwetu, za kupongeza, za kulalamika, za kuonya na za kuombolezea. Hali kadhalika santuri za Kuba, zilizouzwa Afrika kuanzia miaka ya 1930, zilipokewa Léopoldville na Brazzaville na watu waliozisikia kama kwamba wanakumbushwa jambo, nao hawakukosea, kwani nyingi za lahani zile zilitokana na watumwa waliochukuliwa Kongo. Zikageuzwa rumba ya Kilingala, na mwangwi wake ukafika Tanganyika, ambako Salum Abdallah wa Morogoro aliliita kundi lake Cuban Marimba. Mwaka 2021 UNESCO iliitia rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Aliyedhaniwa mgeni alikuwa mtoto wa nyumbani aliyerejea na sauti ya ugenini.

Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria, aliyazunguka mashamba ya kwao tangu mwaka 1905 akiandika na kunasa nyimbo za wakulima, kisha akazitafuta za Waromania na za Waslovaki, akavuka hata Biskra katika Aljeria mwaka 1913. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza baadhi ya watu wa nchi yake walimtuhumu kuwa si mzalendo kwa sababu ya kujishughulisha na muziki wa Waromania. Hakuacha. Mwaka 1936 alikwenda Uturuki, na huko, katika vinywa vya wafugaji na wakulima wa Anatolia, akakuta nyimbo zilizofanana mno na zile kongwe za Hungaria. Angalibakia kwao kwa kuwaridhisha waliomtuhumu, asingalijua nyimbo za wazee wake zina jamaa wa mbali kiasi gani. Atafutaye kwa uaminifu nyimbo za watu hupewa, pamoja na hizo, elimu ya nyimbo zake mwenyewe.

Hadi hapa nimesema juu ya waimbaji walio mbali kwa masafa. Wako walio mbali kwa wakati, nao haki yao ni nzito zaidi, maana aliye hai aweza kutukanya tukimsikiliza vibaya, na aliyefariki hawezi.

Chukua santuri moja ya Siti binti Saad. Mwanamke huyu alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya watu wanyonge. Aliuza vyungu mjini akivitangaza kwa sauti njiani, na sauti hiyo ndiyo iliyomfungulia milango. Mwaka 1928 alisafiri na wenziwe hadi Bombay kunaswa sauti na kampuni ya His Master's Voice, na alipofariki mwaka 1950 jina lake lilikuwa limeenea pwani nzima. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa utomvu mgumu unaotokana na wadudu wadogo wa miti ya Bara Hindi, zikazunguka mara sabini na nane kwa dakika chini ya sindano ya chuma, na upande mmoja ulibeba kiasi cha dakika tatu tu. Kwa hiyo wimbo uliozoea kunyooshwa usiku kucha, ukirudiwa kila wasikilizaji walipotaka, ulilazimika kukatwa ukalingana na kisahani. Kinachotufikia leo, chini ya mkwaruzo wa sindano, ni sauti nyembamba, thabiti, isiyo na pupa, pamoja na udi na fidla, ikitoka katika chumba cha Bombay mbali na wale iliowazoea.

Mtu akiisikiliza kwa ajili ya ukale wake tu, akiupenda mkwaruzo kuliko maneno, hajamtendea haki. Miongoni mwa nyimbo za Siti umo uitwao Kijiti, unaohusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, ambaye muuaji wake alitoroka ilhali hukumu ikawaangukia wengine. Wimbo huo ulikuwa ushahidi. Watu wasiokuwa na gazeti wala wakili walisema kwa kinywa cha Siti kuwa mahakama ilipotoka. Msikilizaji wa leo, wa Nairobi au wa Paris, aweza kuuchezesha wakati wa chakula akauona kuwa ni muziki mororo wa visiwani. Na kwa kufanya hivyo, bila ya kukusudia, ataugeuza ushahidi kuwa pambo. Hatakiwi kuacha kuufurahia. Atakiwa kuuliza.

Atauliza vipi, ilhali nyimbo ni nyingi kuliko umri? Imam al-Ghazali alinakili kutoka kwa Junaid wa Baghdad kwamba usikilizaji wahitaji mambo matatu: wakati, mahali na ndugu. Masharti haya yaliwekewa majlisi za masufi, lakini nayaona yanafaa kwa kila sikio la zama hizi, na pengine yanafaa zaidi kwa kuwa zama hizi zimeyavunja yote matatu.

Wakati wavunjwa na wingi. Tumezoea kuonja wimbo kwa nukta chache, tukiuhukumu kabla haujafika kwenye kiitikio, kisha tukaurukia mwingine. Nyimbo nyingi za dunia hazikuumbwa kwa sikio la namna hiyo. Umm Kulthum wa Misri, aliyefariki mwaka 1975, aliimba katika redio ya Kairo Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na wimbo wake mmoja uliweza kupita saa nzima, akiurudia mstari ule ule kwa namna mbalimbali mpaka maana yake ikawaingia watu waliokusanyika. Ausikilizaye kwa dakika mbili hajausikia wimbo huo. Amesikia mlango ukifunguliwa, akaondoka. Afadhali nyimbo kumi za mwaka mzima zilizosikilizwa mpaka zikajulikana, kuliko elfu zilizopita kama mvua juu ya bati.

Mahali pavunjwa na chombo tunachokichukua mfukoni, ambacho huifanya kila sauti iwe ya popote. Watu wa Mbuti katika msitu wa Ituri, Kongo, wana nyimbo za molimo, waziimbazo usiku baada ya msiba, kwa itikadi kwamba msitu ni mwema, na likitokea baya ni kwa kuwa msitu umelala, basi yapasa uamshwe kwa kuimbiwa. Mtu aweza leo kuzisikia nyimbo za watu hao akiwa ndani ya basi. Sisemi ni haramu; nasema ajue kuwa asikiacho ni dua ya watu wenye msiba, kilichotolewa mahali pake, na ajue ni wapi. Ujuzi huo mdogo humrudishia wimbo sehemu ya heshima yake.

Ndugu nao wavunjwa na vifaa vitiwavyo masikioni, ambavyo humfungia kila mtu katika chumba chake hata katikati ya umati. Katika taarab msikilizaji hakuwa bubu: aliguswa na beti, akainuka mbele za watu kwenda kumtunza mwimbaji, na kwa kuinuka kwake akakiri kuwa amepokea na kwamba aliyempa anamjua kwa uso. Tukipata wimbo wa mbali, na tuusikilize na mwenzetu, tumwambie ni wa nani na wa wapi; na kama yuko jirani anayetoka katika nchi hiyo, tumwombe atufundishe kinachosemwa. Bandarini na mijini mwetu majirani wa namna hiyo si haba. Na kwa kuwa hatuwezi kuinuka kumtunza mwimbaji wa Bamako au wa Lisbon mkononi, na tununue kazi yake kwa njia iliyo halali, tukijua kuwa aliyeiba wimbo amemwibia mtu chakula chake.

Qurani Tukufu inafundisha kwamba usikizi, uoni na moyo, vyote vitaulizwa, na katika mpango huo usikizi umetangulia. Wahubiri wetu wamelieleza fundisho hilo kwa kutuonya tusisikilize uzushi, usengenyaji na upuuzi, na onyo hilo ni la haki. Lakini mwenye amana huulizwa pia juu ya alichokipokea na jinsi alivyokitunza. Kizazi chetu kimepokea sauti nyingi kuliko kizazi chochote kilichotutangulia: za wafalme na za watumwa, za walio hai na za waliokwisha, za marafiki zetu na za watu tuliofundishwa kuwaogopa. Ikiwa katika hizo zote tulichukua utamu tukayaacha majina, basi hoja yetu ya kwamba hatukuielewa lugha haitatufaa, kwani wasichana wa Kapkatet hawakuielewa nao, na bado walimfanyia mgeni nafasi katika ngoma yao. Na ikiwa tulisubiri, tukauliza, tukalipa, tukawafundisha watoto wetu wimbo pamoja na jina la mwenyewe, basi nina imani kuwa usikilizaji wetu utahesabiwa miongoni mwa matendo ya uadilifu, na kwamba mtu aweza kuzidi utu kwa njia ya sikio kama azidivyo kwa njia ya mkono utoao.